Mafunzo Niliyopata kwa Kuacha Nusu ya Tiketi

Agosti 2024 nilikuwa na tiketi ya London hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, kupitia mji mmoja wa Ghuba. Niliilipia paundi 712 tangu Machi, maana harusi ya binti wa kaka yangu ilishapangwa Unguja na mimi ndiye somo wake. Siku tisa kabla ya safari ikaja simu kutoka Muscat: shangazi aliyenilea amelazwa. Nikakata tiketi ya kwenda Muscat tu, nikaondoka usiku ule ule, nikakaa naye mpaka akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kutoka Muscat hadi Dar kwa ndege ya moja kwa moja ni saa tano na kitu. Kurudi London ili nipande ndege itakayonipitisha Ghuba tena hakukuniingia akilini. Nikanunua tiketi nyingine ya Muscat hadi Dar, nikavuka kwenda Unguja, harusi ikapita salama, na siku zote hizo moyo ulikuwa umetulia kwamba safari ya kurudi nimeshailipia.

Tarehe 8 Septemba nilifika Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere saa nne nzima kabla ya ndege. Kijana wa kaunta alinipa shikamoo, akapokea pasi, akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akamwita mwenzake. Wakanong'onezana.

"Mama, safari yako ilifutwa tangu tarehe 11 mwezi wa nane. Hukutokea London."

"Mwanangu, kwenda sikwenda. Lakini kurudi nimelipia."

"Ni kweli umelipia, mama. Ila tiketi ni moja."

Nilinunua nyingine pale pale, paundi 590, baada ya kumpigia mwanangu Leicester anisaidie. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kwenda na kurudi ni tiketi moja yenye vipande vinavyofuatana

Waliosafiri zamani watakikumbuka kile kijitabu chembamba cha karatasi chenye wino mwekundu mgongoni. Kila ndege ilikuwa na kuponi yake, na karani alichana ya kwanza kabla ya kuigusa ya pili. Kuanzia tarehe 1 Juni 2008 mashirika ya IATA, ule umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege, yaliacha tiketi za karatasi, lakini kuponi zimebaki ndani ya kompyuta, na kila moja imeandikiwa hali yake: bado, imetumika, imefutwa. Masharti ya mashirika mengi makubwa yanadai zitumike kwa mpangilio ule ule zilivyouzwa. Ya kwanza ikipita bila mwenyewe kutokea, mfumo unafuta viti vyote vilivyo mbele yake. Viti vyangu vilifutwa wakati mimi niko Muscat nakanda miguu ya shangazi, na sikupata hata ujumbe mmoja wa simu.

2. Ndege haifuati akili ya basi

Mazoea ya barabarani ndiyo yaliyoniponza. Ukikata tiketi ya basi la Dar kwenda Tanga, ukamwambia konda utapandia Chalinze, kiti chako kitakwenda kitupu hadi Chalinze. Ukiamua kushukia Segera, hakuna atakayekudai. Nauli ya basi inahesabiwa kwa kilomita, kwa hiyo aliyelipa njia nzima akatumia nusu amejipunja mwenyewe tu.

Nauli ya ndege inahesabiwa kwa soko. Kati ya London na Dar yako mashirika kadhaa, kila moja likimpitisha abiria kwenye mji wake, na kwa sababu yanagombania abiria yule yule, nauli inashuka. Shirika hilo hilo linaweza kuuza safari fupi, kutoka mji wake hadi Dar, kwa bei kubwa kuliko njia nzima, ikiwa kwenye kipande hicho halina mshindani. Vivyo hivyo safari ya kwenda tu mara nyingi inauzwa ghali kuliko nusu ya kwenda na kurudi, na wakati mwingine inaipita hata ile nzima. Kwa hiyo shirika linaogopa watu watakaonunua safari ndefu ya bei nafuu na kutumia kipande kifupi cha bei kubwa. Hesabu hiyo naielewa. Nisichokikubali ni kumuweka kapu moja na hao mtu aliyekuwa akimuuguza mzazi wake, aliyelipa kila senti na kuacha kiti ambacho shirika lingeweza kumuuzia mwingine.

3. Simu ya dakika kumi kabla ndege haijaruka ingeniokoa

Hili ndilo ninalolirudia kwa kila ninayekutana naye. Kabla ndege ya kwanza haijaondoka, wewe bado ni abiria anayetaka kubadilisha safari, na shirika lina njia ya kukuhudumia: linaipiga hesabu upya nauli, linakutoza ada au tofauti ya bei, na kiti cha kurudi kinabaki hai. Ndege ikishaondoka bila wewe, jina lako limeandikwa "hakutokea", na kwenye tiketi nyingi za bei nafuu mlango umefungwa.

Mpigie aliyekuuzia. Kama tiketi uliikata kwa wakala, shirika huenda likakurudisha kwake, na wakala naye ana saa zake za kufungua ofisi. Mimi nilikata kwa wakala, ndege ilikuwa ya Jumapili, na Jumapili ofisi yake imefungwa. Simu ilitakiwa ipigwe Ijumaa. Sema wazi: "Safari ya kwenda siitumii, ya kurudi naihitaji." Ukikubaliwa, omba waandike kwa barua pepe, kisha ingia mwenyewe na nambari yako ya buking uhakikishe kwamba kurudi bado kupo. Usiridhike na "usijali, dada" ya kwenye simu.

4. Kipande cha mwisho kina mambo yake

Ukiacha kurudi, baada yake hakuna tena kitu cha kufutwa, na watu wengi huishia hapo bila tatizo. Wako pia wanaonunua safari ndefu kwa makusudi ili washukie katikati. Binamu yangu alijaribu. Alishuka yeye, begi lake likaendelea hadi mwisho wa tiketi, kwa sababu mzigo huandikiwa mji wa mwisho na si pale unapobadilishia ndege. Alisahau pia kwamba kutoka nje ya uwanja wa katikati kunataka viza ya nchi hiyo. Na shirika likibadilisha njia siku ya safari, likakupitisha mji mwingine, huna la kulalamika: wajibu wake ni kukufikisha mwisho wa tiketi.

Mashirika hayalichukulii jambo hili kama mchezo. Mwaka 2016 abiria mmoja alikata tiketi ya Lufthansa, Oslo hadi Seattle na kurudi, kupitia Frankfurt. Wakati wa kurudi alishukia Frankfurt, akaacha kipande cha Oslo na kwenda Berlin kwa tiketi nyingine. Lufthansa ilimshtaki ikidai euro 2,112. Mahakama ya Berlin iliitupa kesi hiyo Desemba 2018, na shirika likakata rufaa. Abiria alishinda hatua ile, lakini ni wangapi kati yetu wana nafasi ya kusimama mahakamani kwa ajili ya kipande cha tiketi?

5. Si kila nchi wala kila shirika lina msimamo mmoja

Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua, katika kesi zilizohusu Lufthansa na British Airways, kwamba shirika haliruhusiwi kumnyima tu abiria kipande kilichobaki kwa sababu ameacha cha kwanza. Linaweza kudai tofauti ya nauli, ikiwa kipande hicho kingeuzwa ghali zaidi siku tiketi ilipokatwa. Uamuzi huo naona ni wa haki, maana unamlinda muuzaji dhidi ya ujanja bila kumtupa mnunuzi nje. Mashirika ya nauli nafuu kama Ryanair na easyJet yanauza kila upande peke yake, na ukikosa kwenda, kurudi kunabaki kwako. Kama familia yako ina mgonjwa au safari yako ina mashaka, nunua pande mbili kwa tiketi mbili hata kama utaongeza paundi hamsini. Sasa mimi ndivyo ninavyofanya.

6. Kodi ya safari usiyosafiri inadaiwa

Hili niliambiwa na jirani yangu Leicester, na sikuliamini. Uingereza inatoza kodi kwa abiria wanaoondoka nchini kwa ndege, na kwa safari ya Tanzania katika daraja la kawaida ilikuwa paundi 88 kwa mwaka ulioanza Aprili 2024. Kodi hiyo inatozwa kwa kuondoka, nami kwa tiketi ile sikuondoka London. Kipande nilichokiacha ndicho hasa kilichobeba kodi. Niliandika barua pepe, nikaambatanisha risiti na nambari ya tiketi, nikadai kodi peke yake bila kugusa nauli. Wiki saba baadaye pesa ziliingia, zikiwa zimekatwa ada ya kushughulikia maombi. Nauli yenyewe haikurudi.

Risiti ile niliisoma upya siku nilipoandika maombi hayo. Sharti la kutumia vipande kwa mpangilio limo, ukurasa wa tatu, kwa Kiingereza cha herufi ndogo. Wateja wa wakala yule wengi ni wazee wetu, mama na baba wanaokatiwa tiketi na watoto wao, na Kiingereza cha namna ile hata mimi niliyekaa huku Uingereza miaka ishirini kilinipita. Ninyi mnaouza tiketi Kariakoo, Mombasa, Muscat na Leicester, nawaombeni: kabla hamjapokea pesa, mwambieni abiria kwa mdomo, kwa Kiswahili, kwamba asipopanda ndege ya kwanza, ya kurudi haitakuwepo, na mpeni nambari ya simu inayopokelewa hata Jumapili.