SUBIRA YA MIAKA MINANE



Ndugu wanafunzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tuangalie subira katika kutafuta elimu. Wengi wetu tukikosa hesabu mara mbili hufunga daftari na kusema, "Mimi hesabu siziwezi." Tumtazame mtu aliyeng'ang'ania swali moja kwa miaka minane.

Chukueni kalamu. 3 × 3 ni 9, na 4 × 4 ni 16. Jumla ni 25, yaani 5 × 5. Tuingie kipeo cha tatu: 6 × 6 × 6 ni 216, na 8 × 8 × 8 ni 512. Jumla ni 728. Lakini 9 × 9 × 9 ni 729. Imepungua moja tu! Je, zipo namba za kuhesabia zitakazolingana sawasawa?

Katika karne ya 10 Miladia, mwanachuoni wa Kiislamu Abu Mahmud al-Khujandi alisema hazipo, ila uthibitisho wake haukukamilika. Karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliandika pembeni mwa kitabu kwamba hazipo kwa kipeo cha tatu wala kipeo chochote kikubwa zaidi, na kwamba anao uthibitisho ila nafasi haitoshi. Wataalamu wakahangaika zaidi ya miaka 300.

Andrew Wiles, Mwingereza, aliliona swali hilo katika kitabu cha maktaba akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1986, akiwa profesa Princeton, Marekani, alianza kulishughulikia kwa siri nyumbani kwake. Juni 1993 alitangaza huko Cambridge, Uingereza, kuwa amepata jibu. Akapongezwa kila mahali. Lakini wakaguzi walipopitia kazi yake hatua kwa hatua, wakakuta kosa.

Hapa ndipo penye mazingatio. Wiles alilikubali kosa, akarudi mezani. Alimwita Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wasaidiane. Alikaribia kukata tamaa. Septemba 1994, akichunguza kwa nini njia yake imeshindwa, aligundua kuwa njia aliyoiacha zamani ndiyo inayoziba pengo. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1995, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Abel.

Basi subira si kukaa na kungoja. Ni kurudia kazi baada ya kukosolewa. Ustadhi anapokurudisha aya ileile mara ya tano, usinune: kosa lililoonyeshwa hurekebishika. Nanyi wazazi, mtoto akikosa msimwambie hana akili. Muulizeni amekosea hatua ipi.

Zoezi: Tafuta jumla ya 5 na 6 kwa kipeo cha tatu. Imepungua ngapi kufikia 7 kwa kipeo cha tatu?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na subira ya kuitafuta. Amin.

Wabillahi tawfiq.