Mlima Usioitwa Mlima: Barabara ya Kondele hadi Majengo

Ukipanda matatu ya Kakamega pale Kondele, Kisumu, hutasikia mtu akitaja mlima. Makanga anaita Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, abiria wanabishania nauli, gari linang'oa nanga. Ni baada ya Mamboleo ndipo injini hubadilisha sauti. Fika Riat, geuka utazame ulikotoka: Kisumu yote iko chini, na ziwa, na tambarare ya Kano ikinyooka kuelekea Ahero.

Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa unayoiona, na Kano zimelala ndani ya tawi la Bonde la Ufa lililochepukia magharibi. Ardhi ya katikati ilididimia, kingo zikabaki juu. Ukingo wa kaskazini ndio huo unaoupanda: upande wa Muhoroni ni genge la Nandi, huku ni Riat na vilima vya Maragoli. Kisumu ina mwinuko wa mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari. Kaunti ya Vihiga, ilipo Majengo, ni kati ya 1,300 na 1,800. Kabla hujaingia Mbale umeshavuka Ikweta, mara nyingi ukiwa unasinzia.

Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilishika njia ya Mumias, kaskazini zaidi. Huku kulikuwa na biashara ya majirani: nafaka ikiteremka, samaki wakipanda. Jina Kisumu lenyewe, wengi husimulia, lilitokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence, na watu wa vilimani wakapata sababu mpya ya kushuka. Leo barabara hii ni sehemu ya barabara kuu ya A1, itokayo Isebania mpakani mwa Tanzania na kupitia Lokichogio, Turkana.

Kupanda hakuna neno. Gari bovu litakwama tu. Hatari iko kwenye kurudi. Mteremko hauogofyi kama wa Mau, na kwa maoni yangu hapo ndipo unapowadanganya madereva, ilhali unamalizikia penye watu na magari. Tarehe 8 Agosti 2025 basi la waombolezaji waliokuwa wakitoka mazishini lilipata ajali kwenye raundabauti ya Coptic, Mamboleo. Zaidi ya watu 20 walikufa.

Breki zikikanyagwa mfululizo hushika joto, na zikishika joto hulegea. Kwa hiyo shuka na gia ileile ambayo ungeipandia, uiingize kabla mteremko haujaanza, uiache injini izuie gari. Kuweka fri, yaani kuitoa gari kwenye gia, ili kuokoa mafuta ni kuuza roho za abiria 14 kwa shilingi chache. Ukiweza, safiri asubuhi: mchana upepo wa ziwa hupanda vilima hivi, na alasiri mara nyingi huleta mvua ya radi, lami ikateleza.

Nawe abiria, ukisikia harufu ya kuungua kutoka magurudumuni, usione haya. Mwambie dereva aegeshe breki zipoe, na aegeshe akiwa bado juu, Kiboswa au Riat, si akishafika Mamboleo. Nambari za dharura ni 999 na 112.