Kijana Asiyetaka Kula: Mafundisho ya Kitabu Kimoja

Mtoto akikosa chakula, kila mzazi ajua la kufanya. Lakini mtoto akiisukuma sahani iliyojaa, siku baada ya siku, hata mwili ukadhoofu, tutafanyaje? Wengi wetu husema, “Ana kiburi huyu, njaa ikimwuma atakula.” Leo twapenda kuwaelezeni, wasomaji wetu, habari za kitabu cha watoto kinachotuonya tusiseme hivyo.

Kitabu hicho chaitwa Louder Than Hunger, nacho kilitolewa Marekani mwaka 2024. Mtungaji wake, John Schu, amepata kuwa mwalimu na mkutubi, na ugonjwa anaousimulia aliuugua yeye mwenyewe ujanani. Hadithi yenyewe, iliyoandikwa kwa mashairi huru, ni ya mwaka 1996, nayo yamhusu mvulana wa miaka 13 jina lake Jake.

Jake hakosi chakula nyumbani, wala hakosi kupendwa. Bibi yake ampenda mno. Lakini wenziwe shuleni wamemdhihaki, na kichwani mwake imezaliwa Sauti imwambiayo kwamba hastahili kula wala kupendwa. Kila anapoitii, Sauti yazidi kuamuru. Mwishowe yambidi alazwe Whispering Pines, mahali wanapotibiwa wagonjwa wa namna hiyo. Waganga huuita ugonjwa huu anoreksia.

Twapata hapa mafundisho matatu.

Kwanza, kutokula huku si kiburi, wala si kufunga. Afungaye hujua siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mgonjwa huyu hawezi kuacha hata akitaka. Tena njaa yenyewe hugeuza fikira. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita ili wachunguzwe. Wengi wao waliingiwa na huzuni na hasira, wakawa hawana la kuwaza ila chakula. Ikiwa watu wazima walipatwa na hayo, mtoto je?

Pili, ugonjwa huu hauchagui. Wengi hudhani ni wa wasichana tu, kumbe Jake ni mvulana. Adhaniye hivyo huchelewa kuutambua, na kuchelewa ni hatari, maana huu ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Moyo hupiga polepole, mwili huwa baridi, na mifupa hudhoofu.

Tatu, kupona ni safari ndefu. Jake haponi kwa siku moja. Mara aenda mbele, mara arudi nyuma, na pengine awakasirikia wale wale wamsaidiao. Kidogo kidogo ajifunza kupambanua Sauti ile na sauti yake mwenyewe. Hapo ndipo tumaini lake lilipo.

Basi, wazazi, mkiona mtoto akonda, akificha chakula au akikwepa kula pamoja na wengine, msimgombeze wala msimtanie kwa unene au wembamba wake. Mpelekeni kwa daktari mapema. Tena msimlazimishe kula chakula kingi kwa ghafula baada ya njaa ya siku nyingi, maana chaweza kumdhuru. Daktari ndiye atakayepima kiasi. Yenu ni kukaa naye mezani kwa uvumilivu, kila siku.

Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini mtoto aliye hai aweza kuulizwa, naye akajibu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, sisi huwataniana watoto wetu kwa maumbile ya miili yao?

2. Mtoto wetu akiwa na huzuni, aweza kumwambia nani humu nyumbani?

3. Mara ya mwisho tulikula pamoja sote, bila haraka, lini?