Tatizo Limetatuliwaje? Somo Juu ya Filamu Tunazozitazama



Katika somo hili tunapenda kuzungumza juu ya jambo linaloingia karibu katika kila nyumba ya Manundu baada ya chakula cha jioni, nalo ni filamu na tamthilia. Zamani mtu alikuwa hana budi kuzifuata mahali zilipooneshwa. Siku hizi zinatufuata zenyewe: kwa king'amuzi, kwa simu ya mkononi, na kwa flashi iliyojazwa filamu dukani. Asiye na hivyo vyote hakosi kibanda umiza cha jirani.

Tukiulizana habari za filamu, majibu huwa mawili. Wengine husema, "Nzuri sana," na ukiwauliza kwa nini, hujibu kwamba imewaliza au imewachekesha. Wengine husema, "Upuuzi mtupu, zizimwe zote." Majibu yote mawili hayatoshi, maana wa kwanza hawakupima, na wa pili hawakutazama.

Sisi tuliofundisha hesabu twajua kwamba mwanafunzi akiandika jibu peke yake hapewi alama zote. Twataka kuona njia. Huenda jibu ni sahihi naye amelichungulia kwa mwenzake. Filamu nayo yafaa isahihishwe hivyo hivyo. Karibu kila filamu huanza na tatizo: deni, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyepotea. Mwishoni tatizo limekwisha. Mafundisho ya filamu hayamo sana katika maneno mazuri anayoyasema mhusika fulani karibu na mwisho. Yamo katika njia iliyotumika kulimaliza tatizo lile. Hilo ndilo swali la somo letu.

FILAMU ZA VUGIRI

Wachache wanajua kwamba mojawapo ya majaribio ya mwanzo ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika ya Mashariki lilifanyika humu humu wilayani Korogwe, huko juu Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni, ukapata fedha kutoka shirika la Carnegie la Marekani, na serikali ya kikoloni ikausaidia. Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, aliongoza utengenezaji wa filamu, naye Bwana G. C. Latham aliongoza upande wa elimu. Zilitengenezwa filamu 35, juu ya safura, malaria ya watoto wachanga, kahawa, chai, kodi na mengineyo. Wachezaji walikuwa Waafrika. Sauti haikuwamo ndani ya filamu bali ilitoka kwenye santuri, ili maelezo yaweze kutolewa kwa lugha mbalimbali. Lori lilibeba mitambo, likazungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya na Uganda, hata kufika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ndizo Malawi na Zambia za leo.

Filamu mojawapo ilihusu akiba ya Posta. Wafanyakazi wawili wa shamba wanapokea mshahara. Mmoja anaficha fedha zake nyumbani, zinaibwa. Mwenziwe anaziweka Posta, zinabaki salama. Hapana ubishi kwamba fedha zapaswa kukaa mahali salama, kama vile hapana ubishi kwamba choo kizuri huzuia safura. Jibu ni sahihi. Lakini tuitazame njia. Watu ni wawili tu, mwerevu na mjinga. Anayesikia shauri hufanikiwa, asiyesikia huumia. Hapana anayeuliza mshahara ule ulikuwa kiasi gani, wala kama ulitosha kubaki akiba. Mtazamaji hana kazi ila kuitikia. Kwa kifupi, filamu ilisema na mtu mzima kama mtoto.

Tumeanza na Vugiri kwa sababu mwerevu na mjinga wale hawakuondoka na lori. Tutawakuta tena mbele.

FILAMU ZA NYUMBANI

Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar. Michezo ya kuigiza ya televisheni ilifungua njia, na mwaka 2003 ikatoka filamu ya "Girlfriend" iliyoongozwa na George Tyson, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa kile tunachokiita Bongo Movie. Baadaye akavuma Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, akazikwa Kinondoni na umati mkubwa wa watu. Umati ule ulionesha jambo ambalo wenye kuzidharau filamu hizi hawakuliona: watu wetu walikuwa na kiu ya kuwaona watu wanaosema kama wao, katika nyumba kama zao.

Kwa hiyo tuanze kwa kusifu. Filamu hizi zilitengenezwa kwa fedha kidogo na kwa siku chache, wezi wa kazi za sanaa wakizinakili kabla mwenyewe hajarudisha gharama. Hata hivyo zilituletea Kiswahili sebuleni, wakati wa kuletewa hadithi za wengine tu.

Sasa tukosoe. Nyingi zilipewa majina ya Kiingereza wakati maneno yote ndani ni Kiswahili, kana kwamba jina la nyumbani lingeishusha bei. Nyingi zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, na kwa sababu hiyo twatazama gari likiingia uani, likiegeshwa, mlango ukifunguliwa na kufungwa, pasipo neno lolote kusogea.

Lakini kosa kubwa limo katika njia. Mara nyingi mwanamke ndiye chanzo cha maovu yote: mama mkwe mchawi, mke mwenye tamaa, mfanyakazi wa ndani anayemnyang'anya tajiri yake mume. Mwovu haadhibiwi na sheria wala hasutwi na nafsi yake. Hugongwa na gari, au hupata wazimu, au huugua. Mwema naye hakuinuliwa na kazi yake bali na tajiri aliyempenda ghafla. Hao ndio mwerevu na mjinga wa Vugiri, wamevaa nguo mpya.

Tena kuna mwisho wa mchungaji. Anaingia dakika kumi kabla filamu haijakwisha, anapaza sauti, pepo linatoka, na madeni, magonjwa na ugomvi wa miaka vinakwisha kwa pamoja. Sisi wa kanisani ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuukataa mwisho wa namna hii. Twajua kwamba aliyeombewa bado atahitaji dawa, na aliyesamehewa bado anadaiwa kurudisha alichoiba.

TATU ZILIZOTUFAA

Yafaa tutaje pia zile zilizofanya vizuri, maana mkosoaji anayeona makosa tu hajui kazi yake.

Ya kwanza ni tamthilia ya "Siri ya Mtungi", iliyooneshwa kuanzia mwaka 2012. Ilifanyika Bagamoyo, na mhusika wake mkuu ni Cheche, mpiga picha. Ilikuwa tamthilia yenye mafundisho ya afya, na fedha zake zilitoka Marekani, kwa hiyo nayo ilikuja na somo mfukoni kama filamu za Vugiri. Tofauti ni kwamba Cheche si mwerevu wala si mjinga. Anampenda mkewe Cheusi, na bado macho yake hayatulii. Mkwewe, Mzee Kizito mwenye wake zaidi ya mmoja, anachekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja. Mtazamaji hawezi kusema, "Mimi si kama yule," na hapo ndipo anapoanza kufikiri.

Ya pili ni "Aisha" ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar na kutengenezwa na shirika la UZIKWASA la Pangani, katika mkoa wetu huu. Aisha ni mwanamke mwenye biashara yake mjini. Anarudi kijijini kwa ajili ya arusi, na huko anabakwa na kundi la wanaume. Tangu hapo tatizo si wabakaji peke yao. Ni watu wanaotaka jambo liishie kimya kimya, aibu isitoke nje. Hapa njia ndiyo filamu yenyewe. Hapana gari linalotokea kuwagonga waovu, wala miujiza. Kuna mtu mmoja anayetaka haki, na mji mzima unaomwambia anyamaze.

Tufikirie jambo hili kwa uzito, wazazi wenzetu. Binti aliyetazama filamu ishirini ambamo msichana aliyetendewa hivyo hufa, hutoroka, au huolewa na kusahau, amefundishwa mara ishirini kwamba kusema hakufai kitu. Siku likimpata yeye, au mwenzake wa darasani, atatumia njia aliyofundishwa. Kwa hiyo filamu iliyomwonesha njia nyingine, hata kama taa zake hazikuwa nzuri na baadhi ya wachezaji walikuwa wazito, imefanya kazi ambayo wengi wetu tuliiogopa.

Tena shirika hilo la Pangani, lenye pia redio yake, hutumia filamu zake kuwakusanya wanakijiji wazitazame na kuzijadili. Kutoka Vugiri hadi Pangani si mbali, lakini hapo ni mbali sana. Lori la mwaka 1935 lilikuja kuwaambia watu. Huko Pangani watu huulizwa wanaonaje.

Ya tatu ni "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyooneshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar huko Marekani, ikiwa ya pili tu baada ya "Maangamizi" ya mwaka 2001. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ambayo vijana wetu wa kidato cha tano na cha sita wanaijua. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anaikimbia ndoa hiyo, na Denge ni kijana anayepigania uhuru. Picha zake ni nzuri kuliko filamu yoyote ya kwetu tuliyoiona. Aliyesoma riwaya atanung'unika kwamba mengi yameachwa, na manung'uniko hayo ni ya haki: twaona mapenzi ya Denge na Yasmin yamepewa nafasi kubwa, na harakati zenyewe zimebaki kidogo kivulini. Lakini haimtafunii mtazamaji chakula. Inanyamaza mahali pengi, inamwacha mtu aunganishe mwenyewe.

ZA KIGENI KWA KISWAHILI

Wengi wetu, hata hivyo, jioni hutazama tamthilia za kigeni zilizotiwa Kiswahili. Kutafsiri filamu si jambo jipya. Marehemu Lufufu alijulikana sana kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye utani na chumvi nyingi, na wenzetu wa Uganda wana wasimulizi wao. Siku hizi sauti huingizwa kwa utaratibu zaidi, na Kiswahili chake ni sanifu, ingawa mara nyingine ni sanifu mno, mume na mke wakigombana kama wanasoma hotuba.

Tuangalie mambo mawili hapa. La kwanza, tamthilia ndefu haitaki tatizo litatuliwe, maana likitatuliwa biashara imekwisha. Siri ambayo watu wawili wangeimaliza kwa kuzungumza robo saa hukaa mwaka mzima. Anayezizoea aweza kudhani kwamba kuficha na kuviziana ndiyo hali ya kawaida ya ndoa. La pili, historia ya tamthilia si historia ya darasani. Tamthilia ya Kituruki juu ya Sultani Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, ilitazamwa sana hapa nchini kwa Kiswahili. Huko kwao Uturuki, mwaka 2012, Waziri Mkuu Erdoğan mwenyewe aliilalamikia hadharani kwamba haikumwonesha mtawala huyo kama alivyokuwa. Kama wenye historia yao wanabishana, sisi tusiipokee kama kitabu cha shule.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Nchi yetu ina sheria ya filamu tangu mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Ni vizuri. Lakini Bodi haiwezi kuketi mkekani petu. Kazi iliyobaki ni yetu, nayo haihitaji elimu kubwa. Yahitaji mtu mzima mmoja aketi na watoto, atazame nao hadi mwisho, kisha aulize badala ya kuhutubia. Ukihutubia, umekuwa lori la Vugiri.

MASWALI YA KUJADILIANA

Maswali haya yaweza kutumiwa nyumbani, au katika vikundi vya akina mama na vijana, baada ya filamu yoyote.

1. Tatizo la filamu hii lilikuwa nini, na limetatuliwaje? Njia hiyo ingewezekana hapa Manundu?

2. Nani alilaumiwa? Je, mwenye kosa ndiye aliyelaumiwa, au aliye rahisi kulaumiwa?

3. Nani hakupewa nafasi ya kusema? Angesema nini?

4. Nani ameitengeneza, kwa fedha za nani, naye alitaka tufanye nini baada ya kuitazama?

5. Kama ungekuwa wewe mtunzi, ungebadili kitu gani katika dakika kumi za mwisho?

Vijana wapewe swali la tano kwanza. Hapo ndipo mtajua wamejifunza nini kutoka kwa filamu zote walizozitazama kabla ya hiyo.