Kutoka, Kungojea na Kupokelewa

Wakatekumeni wengi huuliza: Kwa nini Eklezia yawangojesha watu miaka mizima, hali maji ya Ubatizo yako karibu na padri yuko tayari? Mtu amekwisha kusadiki. Abatizwe leo, basi. Swali hilo si baya. Lakini mwenye kuuliza na akumbuke kwanza jinsi wazee walivyowafanya watoto wao kuwa watu wazima.

Katika nchi ya Walega, yaani pande za Mwenga, Shabunda na Pangi, kijana hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kwa sababu ndevu zimeota. Alitolewa nyumbani kwa mama yake, akapelekwa bwali, mahali pa kutahiriwa, mbali na kijiji. Huko alikaa pamoja na wenzake chini ya walinzi, akifundishwa. Hakuwa mtoto tena, wala hakuwa bado mtu mzima. Siku zilipotimia alirudishwa, na kijiji kikampokea kwa furaha. Baada ya hayo tu aliweza kuingia bwami, chama chenye vyeo, ambacho cheo chake cha juu kwa wanaume huitwa kindi. Mafundisho yalitolewa kwa methali na kwa sanamu ndogo za mti na za pembe ya ndovu: mzee alionyesha kitu, akakisemea neno lake, na mwanafunzi akalitia moyoni. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao, na mume hakuweza kufika juu kabisa asipokuwa na mke aliyeingizwa naye. (Jambo hilo lafaa kufikiriwa na waume wanaokuja katika mafundisho peke yao na kuwaacha wake zao jikoni.)

Mwaka 1909 mtaalamu Arnold van Gennep alitoa kitabu huko Ufaransa juu ya desturi za namna hiyo. Alizikusanya za mataifa mengi, akaona ya kuwa zina sehemu tatu: kutoka, kukaa kizingitini, na kupokelewa.

Serikali ya Wabelgiji ilikataza bwami mwaka 1948. Kweli, si kila jambo la desturi za kale lapatana na Injili. Walakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba katika nchi za misioni yaweza kukubaliwa mambo ya desturi za kuwaingiza watu, kadiri yawezavyo kupatanishwa na ibada ya Kikristo.

Sasa mambo ya siku hizi. Kijana atoka kijijini kwenda Kamituga kuchimba dhahabu, au Bukavu kusoma. Kutoka kupo. Kungojea nako kupo, tena kwingi! Lakini nani ampokea? Mwenye shimo huuliza nguvu za mikono yake, haulizi jina la baba yake. Fedha ya kwanza yamfikia bila mzee wa kumwambia itumiwe namna gani. Atwaa mke bila jamaa mbili kujuana. Azaa, na mtoto hana wa kumpa jina. Watu wa kwao husema ameharibika. Pengine hakuharibika: ametoka, naye hajapokelewa mahali popote.

Huko Kinshasa, katika miaka ya 1970, Padri Ignace Matondo, aliyepata kuwa askofu baadaye, alianzisha chama cha vijana kiitwacho Bilenge ya Mwinda, maana yake vijana wa mwanga. Ndani yake kijana wa mjini hupita hatua kwa hatua akiongozwa na wakubwa waliotangulia, kama ilivyokuwa kwa wazee, ila shabaha ni Kristo.

Na ukatekumeni ndio njia hiyo hiyo. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza miaka minne: miwili ya kuomba na kujaribiwa, na miwili ya ukatekumeni wenyewe. Kitabu cha ibada cha mwaka 1972 chapanga hatua upya. Mwenye kuomba husimama kwanza mlangoni pa kanisa, huulizwa anataka nini, hutiwa ishara ya msalaba katika paji la uso, kisha huingizwa ndani. Dominika ya kwanza ya Kwaresima jina lake huandikwa. Hukabidhiwa Nasadiki na Baba Yetu, si kama karatasi ya kukariri, bali kama mzee akabidhivyo mali ya ukoo. Usiku wa Paska hubatizwa, huvikwa nguo nyeupe, hupewa mshumaa uwakao. Hata hapo Eklezia haimwachi: mpaka Pentekoste Wakristo wapya huwekewa mahali pao katika Misa, ili wote wawajue kwa sura.

Mkatekumeni akilazimika kuhama katikati ya njia, asiondoke kimya. Amwarifu katekista, na kumwomba padri barua ya kusema amefikia hatua gani, ili asirudishwe mwanzo bure. Msimamizi wake naye aambiwe. Afikapo ugenini, apeleke barua hiyo parokiani Dominika ya kwanza, kabla miguu yake haijaizoea njia ya baa.