Uchovu, Dozi na Kawaida: Kiswahili cha Mgonjwa wa Tezi Dundumio, kwa Mfano wa Mtaa wa Migosi, Kisumu

Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili na tiba aghalabu huishia kwenye istilahi: neno gani la kigeni litoholewe, lipi lipatiwe kisawe cha Kibantu, lipi liachwe lilivyo. Mjadala huo ni wa lazima, lakini una upofu wake. Neno asilolijua mgonjwa huliuliza. Linalompoteza ni lile analodhani analijua. Makala haya yanachunguza maneno manne ya aina hiyo, yaani uchovu, dozi, kupanda na kawaida, jinsi yanavyotumika katika matibabu ya upungufu wa homoni ya thairoidi. Tiba ya maradhi haya ni kidonge cha kila siku, mara nyingi kwa maisha yote, na mgonjwa wake huweza kuendelea kuchoka hata baada ya maabara kutangaza kwamba yuko sawa.

Mfano unaotumika ni wa kubuni, ila mazingira yake ni halisi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkazi wa Migosi, si mbali na Kondele. Nyumbani huzungumza Kidholuo. Darasani na katika soko la Kibuye hutumia Kiswahili. Karatasi ya maabara humjia kwa Kiingereza. Hospitali kubwa ya karibu naye ni ile ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi wangali wanaiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti katika miaka ya 1960.

Tezi isiyoonekana

Tezi dundumio iko upande wa mbele wa shingo, chini ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, hasa thairoksini, zinazoamua kasi ambayo mwili hutumia nishati. Homoni hizi zikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo: moyo hupiga polepole, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, hedhi huvurugika, kumbukumbu hufifia, uzito huongezeka, na baridi husikika hata katika jua la mchana la Kisumu.

Kiswahili kiliijua tezi hii kwa ugonjwa wake unaoonekana, yaani rovu, uvimbe wa shingo. Rovu lilienea hasa mahali ambapo udongo na chakula vina upungufu wa iodini, ile inayoitwa madini joto nchini Tanzania. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, kilipata umaarufu katika tiba kuanzia miaka ya 1960 kwa sababu hiyo. Huko ilibainika pia kwamba muhogo usioandaliwa vyema huongeza tatizo pale ambapo iodini ni haba. Kenya nayo imekuwa na sheria ya kutia iodini katika chumvi ya mezani tangu 1978. Hata hivyo, pale ambapo chumvi hiyo imeenea, upungufu wa homoni mara nyingi hutokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, hali iliyoelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Mgonjwa wa namna hii huenda asiwe na uvimbe wowote, na maradhi yasiyo na uvimbe hayana jina la mtaani. Akisema "nina ugonjwa wa tezi", wasikilizaji wengi hufikiria tezi dume, nao hushangaa kuusikia kwa mwanamke.

Uchovu, uvivu na kunawiri

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuchoka. Mavune ni maumivu ya viungo yanayofuata kazi nzito au homa. Unyong'onyevu ni kuishiwa nguvu kwa sababu ya maradhi au huzuni. Ulegevu na utepetevu hukaribia kuwa tabia, na uvivu ni tabia tupu. Tena ni lawama. Uchovu lenyewe hubeba sharti lisilotajwa: lina sababu, kama vile safari au kazi, na hutarajiwa kuisha kwa kupumzika. Mwalimu wa Migosi anapotamka "nimechoka", msikilizaji huikamilisha sentensi hiyo kimoyomoyo kwa kumshauri alale mapema. "Aol" ya Kidholuo haimsaidii zaidi, kwani hutumika kwa aliyetoka kulima na kwa mgonjwa vilevile. Uchovu wa tezi hautokani na safari wala jembe. Mtu hulala nao na kuamka nao.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la kiutamaduni zaidi kuliko la kimsamiati. Chira, kwa imani ya Waluo, humkondesha mtu, na maradhi mengi yanayoogopwa kandokando ya ziwa hukondesha pia. Mwalimu huyu ananenepa. Uso umejaa, nguo zinabana, na majirani wanamsifu kwamba amenawiri. Lugha imemnyima nafasi ya kuwa mgonjwa, maana dalili yake imekwisha kuitwa afya.

Katika kituo cha afya, "mwili umelegea" husikika kwanza kama malaria, na si kosa. Kisumu imo katika ukanda wa ziwa ambamo malaria huambukiza mwaka mzima, na upungufu wa damu nao ni jambo la kila siku. Vipimo hivyo vifanywe. Kosa huanza pale matokeo yanapokuwa safi mara ya pili na ya tatu, na mgonjwa anarudi na neno lilelile moja. Maelezo hufungua mlango kuliko jina: "Naamka nimechoka, nasikia baridi wenzangu wakitoa jasho, na uzito unaongezeka ilhali chakula ni kilekile." Sentensi hiyo moja ina dalili tatu, na daktari anayeisikia ana sababu ya kuagiza kipimo cha tezi.

Dozi

Katika Kiingereza cha hospitali, neno lililozaa "dozi" humaanisha kiasi cha dawa kinachotumiwa kwa mara moja. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, dozi ni mfululizo mzima wa dawa, tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. "Maliza dozi" ni agizo ambalo kila mzazi wa Kisumu amelisikia. Kenya ilipoidhinisha mwaka 2004 dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria, dozi ikawa na umbo lililojulikana: mara sita, siku tatu, basi. Anayemaliza dozi amepona.

Mazoea hayo mema ndiyo yanayomhatarisha mgonjwa wa tezi. Akiandikiwa levothairoksini ya mwezi mmoja, naye akaimaliza, ana kila haki ya kiisimu ya kuamini kwamba amemaliza dozi. Akiambiwa "tutaongeza dozi", yamkini ataelewa kwamba siku zimeongezwa, wala si kwamba kidonge cha maikrogramu 50 kitakuwa cha 75. Ubaya ni kwamba akiacha, hataona tofauti kesho wala keshokutwa. Thairoksini hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba nusu yake huchukua takriban siku saba kutoweka. Uchovu hurudi polepole, na hakuna anayeuhusisha na pakiti iliyokwisha mwezi uliopita.

Historia ya tiba yenyewe inaeleza vizuri zaidi kuliko neno dozi. Mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke mmoja maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mwanamke huyo alipata nafuu na kuishi miaka mingine 28, akiendelea kutumia dawa ya tezi. Dawa hiyo haikuua kijidudu chochote, ilijaza pengo. Ndivyo kidonge cha leo kilivyo, na kitenzi kinachokifaa ni kujazia kuliko kutibu.

Dhana ya dawa ya maisha si ngeni Kisumu. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimewafunza watu wengi kumeza kidonge kila siku bila kukosa. Lakini msamiati uliojengwa hapo una kivuli chake: anayeonekana akimeza kidonge kila alfajiri hudhaniwa jambo asilolisema, na mtu aweza kukificha kidonge cha tezi kwa sababu ya maradhi asiyokuwa nayo.

Asubuhi kabla ya chai

Bahasha ya dawa huandikwa "1 x 1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Alama hiyo husahau nusu ya agizo. Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, kwa sababu chakula, kahawa, maziwa na soya huzuia sehemu yake kufyonzwa. Katika nyumba ambamo siku huanza kwa chai ya maziwa, "asubuhi" bila "kabla ya chai" ni agizo pungufu. Pia saa itajwe kwa namna isiyo na utata: 6:00 iliyoandikwa kwa tarakimu kwenye bahasha ni saa kumi na mbili alfajiri kwa mhudumu, na saa sita mchana kwa mzee anayesoma saa kwa Kiswahili. Asiyeweza asubuhi anaweza kukubaliana na daktari ameze usiku, angalau saa tatu baada ya chakula cha mwisho, mradi asibadilishebadilishe.

Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ni madini ya chuma, na vile vya kalsiamu huachwa saa nne mbali na kidonge cha tezi. Suala hili ni zito kwa mjamzito. Kliniki humpa vidonge vya chuma, na wakati huohuo mahitaji yake ya thairoksini hupanda tangu wiki za mwanzo, kwa ajili yake na kwa ubongo wa mtoto. Mgonjwa wa tezi anayeshuku kwamba ana mimba hamsubiri daktari hadi tarehe ya kliniki. Humwendea mara moja.

Kupanda, kushuka na kawaida

"Sukari imepanda", "presha imepanda": katika semi hizi, kilichopanda ndicho kilichozidi. Kipimo cha tezi kinapindua mantiki hiyo. Kinachopimwa kwanza ni TSH, homoni inayotoka katika tezi ndogo chini ya ubongo kuiamuru dundumio ifanye kazi. Ni kama msafiri aliye ufukweni akimwita mwenye mashua: mashua ikiwa karibu, hunong'ona, ikiwa mbali, hupaza sauti. TSH ikipanda, homoni ya tezi imepungua, na sauti inapazwa kwa sababu haijibiwi. Mgonjwa aliyeambiwa tu "imepanda" huenda akapunguza dawa ili ishuke, kumbe ndivyo atakavyoipandisha zaidi.

Baada ya kiasi cha dawa kubadilishwa, TSH huhitaji wiki sita hadi nane kutulia. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza nauli na fedha za maabara. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huweza kupotosha majibu, hivyo huachwa angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu.

Hapo ndipo linapoingia neno kawaida. Asili yake ni Kiarabu, na Waswahili wamelitumia kwa mazoea na desturi: kawaida ya mtu ni vile alivyozoea kuwa. Maabara imelichukua na kulipa mipaka, kwa watu wazima wengi takriban 0.4 hadi 4.0, ingawa kila maabara huchapisha mipaka yake. Mwalimu anaposomewa "kawaida", anasikia kwamba amerudia hali yake ya zamani. Yeye anajua hajarudi. Kati ya kawaida mbili hizi, ya maabara ndiyo yenye muhuri, na mgonjwa hunyamaza au huonekana mlalamishi. Kusema "kipimo kimeingia ndani ya mipaka" kungekuwa kauli ya kweli zaidi, kwani inazungumzia kipimo na kuuachia mwili neno lake.

Wapo wagonjwa ambao uchovu hubaki japo TSH imetulia. Baadhi humeza dawa pamoja na chai au chuma. Wengine wana upungufu wa damu, wa vitamini B12, usingizi unaokatizwa na kukosa pumzi, sonona, au maradhi mengine ya kinga ambayo hupenda kuandamana na haya. Na wapo ambao sababu haipatikani upesi. Jambo lisilofaa ni mgonjwa kujiongezea vidonge: thairoksini ikizidi huufanya moyo uende mbio na kuyumba mapigo, na hatimaye hudhoofisha mifupa.

Mazungumzo ya mfano

Mazungumzo yafuatayo ni ya kubuni. Yamepangwa ili maneno manne yaliyojadiliwa yatumike bila kupotosha.

"Mwalimu, kipimo chako kimeingia ndani ya mipaka. Wewe mwenyewe wajionaje?"

"Baridi imepungua, Daktari. Lakini naamka bado nimechoka."

"Basi hatujamaliza. Kidonge unameza na nini?"

"Na chai."

"Kuanzia kesho, maji peke yake saa kumi na mbili alfajiri, chai saa moja. Kidonge ni kilekile, na hakina siku ya mwisho. Pakiti ikikaribia kwisha, njoo uchukue nyingine. Leo tutapima damu yako kama imepungua, na baada ya wiki nane tutarudia kipimo cha tezi."

"Na siku hiyo, Daktari, nimeze kabla ya kutolewa damu?"

"Baada. Njoo nacho mkobani. Ukishatolewa damu, meza, kisha usubiri saa moja ndipo unywe chai."