Mwanao Atakapokuuliza

JUMANNE

Soma Kutoka 12:26, 27. Kumbukumbu la Torati 6:20, 21. Na Yoshua 4:6, 7. Katika mafungu haya, ni nani anayeanzisha mazungumzo? Mzazi anatakiwa kufanya nini?

Katika mafungu haya matatu Israeli wanaambiwa kwamba mtoto atauliza, na mara zote tatu mzazi anaagizwa ajibu. Maswali yale yalihusu Pasaka, amri za Mungu na mawe yaliyotolewa Yordani. Lakini watoto wetu hawachagui maswali mepesi. Wageni wa Sabato wako mezani, naye anauliza kwa sauti maana ya tusi alilolisikia standi. Au anamtazama mdogo wake akiogeshwa, anauliza kwa nini hawafanani.

Wengi wetu tulijibiwa kwa kofi la mdomo, au kwa kuambiwa hayo ni mambo ya wakubwa. Wakati ule bibi, shangazi au somo alikuwapo kufundisha yale ambayo mzazi aliona haya kuyasema. Leo shangazi yuko mbali, na simu iko karibu.

Soma Mwanzo 1:27, 31, Mwanzo 2:25, na 1 Wakorintho 12:22–24. Biblia inatufundisha kuuonaje mwili?

Mwili wote ulikuwa chema machoni pa Muumba. Aibu iliingia pamoja na dhambi (Mwanzo 3:7–10). Paulo anaeleza kwamba viungo tunavyovidhania kuwa duni ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Tunavisitiri kwa sababu tunaviheshimu. Kukataa kuvitaja hata mtoto anapouliza ni jambo jingine.

Tumezoea kuviita “sehemu za siri.” Mtu mzima anaelewa maana yake. Mtoto mdogo anaelewa kwamba siri haisemwi. Na mtu mwenye nia mbaya humwambia neno lilelile: “Hii ni siri yetu.” Mtoto asiyejua jina la kiungo chake, tena aliyewahi kupigwa kwa kukitaja, atamwambiaje mama yake? Basi mfundishe majina sahihi, uume na uke, kama ulivyomfundisha sikio na goti. Mwambie kwamba viungo hivyo husitiriwa kwa heshima, na kwamba mtu akimgusa vibaya, hiyo si siri kamwe. Aje aseme, naye hatapigwa.

Na matusi je? Usicheke, wala usimpige. Muulize amelisikia wapi neno hilo na anadhani maana yake ni nini. Kisha mjibu kwa ufupi kulingana na umri wake: “Hilo ni jina baya la kiungo cha mwili. Jina lake zuri ni hili. Sisi hatulitumii lile, kwa kuwa linamdharau mtu aliyeumbwa na Mungu.” Waefeso 4:29 inakataza neno ovu, lakini pia inatuagiza kusema neno la kujenga. Ukikosa jibu, mwambie, “Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Tutaongea jioni.” Jioni ikifika, ongea naye, mtoto hasahau.

Katika Mithali 5 baba anazungumza na mwanawe waziwazi juu ya mwili, tamaa na ndoa, tena kwa lugha ya staha. Hakumwachia jirani kazi hiyo.

Huenda ulishamnyamazisha mwanao. Bado unaweza kumrudia na kumwambia, “Siku ile ulipouliza, sikukujibu vizuri. Niulize tena.”

Maswali ya Kujadili

1. Ulipokuwa mtoto, nani alikujibu maswali ya namna hii? Majibu yale yalikusaidia au yalikuumiza?

2. Je, mtoto wa kanisani kwenu akiguswa vibaya leo, anajua atamwambia nani, na kwa maneno gani? Darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili?